Tatu wa Kibamba: maisha ya Che Guevara, na wale waliobaki kando ya ziwa

Sura yake munaijua. Iko kwenye mashati ya vijana, iko nyuma ya pikipiki, iko kwenye milango ya buvete: kofia yenye nyota moja, nywele ndefu, macho yanayotazama mbali. Wengine wanafikiri ni muimbaji. Jina lake ni Ernesto Guevara, na watu walimuita Che. Lakini sisi wa Kasongo, wa Kabambare, wa Namoya na Salamabila tuna sababu yetu ya kumujua. Mwaka wa 1965 alikaa karibu miezi saba katika milima ya Fizi, jirani zetu wa mashariki, na kule hakuitwa Che. Aliitwa Tatu, kwa Kiswahili chetu.

Tunaeleza maisha yake hapa si kwa kumusifu tu, wala si kwa kumutukana. Sisi tunaotetea wafanyakazi tunataka kuona namna alivyoongoza watu, zaidi ile siku alipopaswa kuwatoa vitani. Kuingiza watu katika vita ni rahisi, sawa vile kuingiza watu katika mugomo. Kuwatoa ndiyo kazi.

Munganga mwenye pumu

Alizaliwa Rosario, katika inchi ya Argentina, tarehe 14 mwezi wa 6 mwaka wa 1928. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano. Jamaa yake haikuwa ya maskini. Tangu umri wa miaka miwili alikuwa na pumu, ule ugonjwa wa kubana kifua, na haukumuacha mpaka kufa. Pamoja na hiyo alicheza raga, alisoma vitabu usiku na muchana, na akaenda kusoma kazi ya uganga huko Buenos Aires.

Mwaka wa 1952, mbele ya kumaliza masomo, alifunga safari na rafiki yake Alberto Granado juu ya pikipiki ya zamani ya Norton. Pikipiki ilikufa katika inchi ya Chile, wakaendelea kwa miguu na kwa kuomba nafasi kwenye malori. Wakiwa njiani kwenda kuona mugodi wa shaba wa Chuquicamata, walikutana na muchimbaji mumoja na muke wake. Yule mwanaume alikuwa ametoka kifungoni, alifungwa miezi mitatu kwa sababu alikuwa mukomunisti. Hakupata kazi tena. Alikuwa anapanda kwenda kwenye migodi ya salfa kule milimani, kwani kazi ya kule ni mbaya sana na hakuna anayeuliza mutu barua zake. Usiku ulikuwa wa baridi kali, na wale watu wawili hawakuwa hata na blanketi moja. Wakina Guevara waliwapa moja ya kwao.

Kisha wakaingia Chuquicamata, mumoja wa migodi mikubwa ya shaba ya dunia, ambao wakati ule ulikuwa mali ya Wamarekani. Walikuta wafanyakazi wanatayarisha mugomo. Tunadokeza hii habari kwa sababu watu wengi wanafikiri huyu mutu alianza na bunduki. Hapana. Alianza kwa kuona muchimbaji asiye na blanketi.

Mashua ya watu 82

Alipata diplome ya munganga mwaka wa 1953, akatoka tena. Alipita Bolivia, inchi ya wachimbaji wa bati, ambao mwaka mumoja mbele walikuwa wamesaidia kuangusha serikali kwa kutumia baruti za mugodini. Mwaka wa 1954 alikuwa Guatemala wakati serikali iliyochaguliwa na raia ilipoangushwa kwa musaada wa CIA ya Marekani. Alikimbilia Mexico, na kule, mwaka wa 1955, akakutana na Fidel Castro.

Mwisho wa mwezi wa 11 mwaka wa 1956, watu 82 walijibana katika mashua moja ndogo, jina lake Granma, kwenda kupigana na Batista, mutawala wa Cuba. Che alikuwa munganga wao. Walifika tarehe 2 mwezi wa 12. Siku tatu baadaye jeshi liliwaangukia, na waliokusanyika tena katika milima walikuwa karibu 20 tu. Katika yale mapigano, mbele ya miguu yake kulikuwa mizigo miwili: sanduku la risasi na mufuko wa dawa. Hakuweza kubeba yote. Alichukua risasi, akaacha dawa. Tangu ile saa alikuwa askari.

Mwisho wa mwaka wa 1958 yeye na watu wake walikamata muji wa Santa Clara, na usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka wa 1959 Batista alikimbia inchi. Waliopigana pamoja na Che walimuogopa na kumupenda. Alikula walichokula, alilala walipolala, hakukubali kupewa sahani yenye nyama zaidi. Lakini alikuwa mukali kama wembe.

Hapa hatuwezi kufunika jambo. Kisha ushindi alipewa boma la La Cabaña mjini Havana, na pale watu wengi wa serikali ya zamani walihukumiwa haraka na kupigwa risasi. Baadaye aliongoza Banki ya taifa, kisha akawa waziri wa viwanda. Alifundisha watu kufanya kazi ya bure siku za mapumuziko, na yeye mwenyewe alishika panga kukata miwa pamoja nao. Hiyo ni heshima. Lakini katika ile Cuba mupya, mufanyakazi hakubakiwa na nafasi ya kufanya mugomo. Sisi wa chama cha wafanyakazi, hapo tunaachana naye. Mukubwa akiwa muzuri namna gani, mufanyakazi anapaswa kubaki na haki ya kusema hapana.

Sababu gani Kongo

Munakumbuka historia yetu. Patrice Lumumba, ambaye katika ujana wake aliwahi kufanya kazi huku Maniema, aliuawa tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka wa 1961. Mwaka wa 1964 Wasimba waliinuka. Walipita kwetu Kabambare na Kasongo, na mwezi wa 7 walikamata Kindu. Mwisho wa mwezi wa 11, waaskari wa Ubelgiji walirushwa kutoka ndege za Marekani juu ya Stanleyville, na ile vita ikaanza kugeuka. Wazee wetu wanajua damu iliyomwangika, ya upande mumoja na ya upande mwingine. Hakuna aliyetoka mikono safi.

Tarehe 11 mwezi wa 12 mwaka ule ule, Che alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York akalaumu dunia juu ya kifo cha Lumumba na juu ya mambo ya Stanleyville. Kisha alizunguka Afrika karibu miezi mitatu. Huko Dar es Salaam, mwezi wa 2 mwaka wa 1965, alionana na wakubwa wa upinzani wa Kongo, kati yao kijana wa miaka 25, Laurent-Désiré Kabila, yule tuliyekuja kumuita Muzee. Che alirudi Cuba na uamuzi wake. Aliacha kazi ya uwaziri, akaacha muke na watoto, akanyoa ndevu na kubadilisha sura, akatoka na paspoti ya jina lingine.

Moja, Mbili, Tatu

Alifika Dar es Salaam tarehe 19 mwezi wa 4. Kusudi majina yao yasijulikane, Wakuba walijipa namba za Kiswahili. Víctor Dreke, mutu mweusi, ambaye wote walipaswa kuamini kwamba ndiye mukubwa, aliitwa Moja. José María Martínez Tamayo aliitwa Mbili. Che aliitwa Tatu. Kutoka Kigoma walivuka Tanganyika usiku, na tarehe 24 wakatia miguu Kibamba. Wakati ule hata wakubwa wa Kongo hawakujua yule Muzungu wa namba tatu ni nani.

Alijifunza Kiswahili kidogo. Alitunza wagonjwa, na wanakijiji walifanya mustari kutafuta dawa. Yeye mwenyewe alipata malaria na kuhara, na pumu haikumuachilia. Kila siku aliomba ruhusa ya kwenda mbele vitani, na kila siku aliambiwa angoje wakubwa wafike. Wakubwa walikuwa Dar es Salaam, ao Cairo, ao Kigoma. Leonard Mitoudidi, mumoja wa wachache waliokuja kukaa na watu na kuanza kutengeneza mambo, alizama katika ziwa mwezi wa 6. Kabila alifika mwezi wa 7, akakaa siku tano hivi, akarudi ngambo.

Mwisho wa mwezi wa 6 waliamrishwa kushambulia Bendera, kwenye kituo cha umeme. Mashambulio yaliharibika. Wakuba wanne walikufa, na kwa vitu walivyokutwa navyo maadui walijua kwamba Wakuba wako Kongo. Wapiganaji wengi walikuwa wametegemea dawa ya munganga, ile ya kugeuza risasi kuwa maji. Risasi hazikugeuka. Kisha pale kila mumoja alimushitaki mwenzake kwamba amevunja mwiko.

Che aliandika mambo makali juu ya wapiganaji wetu: kwamba walikimbia, kwamba walikataa kubeba mizigo wakisema wao si motoka. Tukiisoma leo inauma. Lakini tuulize swali ambalo delege yeyote angeuliza. Mutu ambaye halipwi, hana viatu, anakula mara moja kwa siku, na mukubwa wake hajamuona tangu miezi, atabeba muzigo wa nani? Hata wale Wakuba, walioshiba mafundisho, walianza kuomba kurudi kwao. Na Che mwenyewe alitambua kwamba alikuja bila kuwajua wakulima wa Fizi, bila kujua wanataka nini, na bila kusema lugha yao vizuri. Walikuwa na udongo, hawakuwa na bwana wa udongo wa kumufukuza kama kule Cuba. Vita aliyowaletea haikujibu swali lao.

Mashua tatu

Mwezi wa 9 serikali ilianza kufunga kamba. Mamluki wa Mike Hoare, wengi wao kutoka Afrika Kusini, walishuka Baraka kupitia ziwa. Juu yao kulikuwa ndege, na waliozirusha walikuwa Wakuba pia, wale waliomukimbia Castro na kulipwa na CIA. Munaona ajabu hii: Wakuba kwa Wakuba wanauana juu ya Tanganyika yetu. Fizi ilianguka mwezi wa 10. Barabara ya Lulimba, ile inayoelekea Kabambare, ilikuwa mikononi mwa serikali. Tarehe 24 ya mwezi ule kambi ya Che ilishambuliwa na kuchomwa.

Siasa ilimaliza yaliyobaki. Kasavubu alimufukuza Tshombe, na marais wa Afrika wakaona hakuna tena sababu ya kusaidia waasi. Tanzania ikawaambia Wakuba wasimamishe. Fidel alimuachia Che uamuzi wa mwisho. Yeye alitaka kubaki na watu wachache, ao kukatiza inchi nzima kwa miguu mpaka kwa Pierre Mulele kule Kwilu. Wenzake walitii lakini hawakuamini tena.

Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 mwezi wa 11, watu walikuwa wamekusanyika kando ya ziwa. Nyuma, mamluki walikaribia. Mbele, kwenye maji, mashua za serikali zilizunguka. Nyumba za kambi zilichomwa na risasi zilizobaki zikalipuliwa. Mashua tatu zilifika kutoka Kigoma. Wakuba zaidi ya 100 waliingia, na wakubwa wa Kongo waliokuwa pale pamoja nao. Lakini wapiganaji wa Kongo walikuwa wengi kuliko nafasi. Waliomba, wakalia, wengine wakataka kupanda kwa nguvu. Mashua ziliondoka. Wao walibaki kwenye muchanga.

Watu wa sinema wamefanya filme juu ya Dunkerque, muji wa Ufaransa ambako mwaka wa 1940 waaskari zaidi ya 338.000 walivushwa bahari kukimbia jeshi la Hitler. Ni filme ya watu waliopona, na dunia nzima imeiona. Juu ya ule usiku wa Kibamba, macho ya wengi yanamufuata Che ndani ya mashua. Sisi macho yetu yanabaki ufukweni. Wale ni wetu. Wengine walikuwa watoto wa Fizi, na bila shaka walikuwamo wa Kabambare na Kasongo.

Tuseme kweli: Che hakuwaficha. Wakubwa wengi wangeandika kwamba wote waliokolewa. Yeye, akiwa amejifungia katika nyumba ya balozi wa Cuba huko Dar es Salaam, aliandika kitabu kizima juu ya Kongo, na mustari wa kwanza unakiri kwamba ni historia ya kushindwa. Aliandika juu ya wale walioomba kupanda, na juu ya haya aliyoisikia. Kitabu kilikaa kimefungwa, kikatolewa miaka ya 1990 tu. Siku nne kisha ile usiku, Mobutu alikamata uongozi wa inchi, akaushika miaka 32.

Bati na damu

Alipokaribia Kigoma, Che alishuka katika mashua ndogo na watu watatu: Mbili, Harry Villegas aliyeitwa Pombo, na Carlos Coello aliyeitwa Tumaini. Wote watatu walikuwa naye tena Bolivia mwisho wa mwaka wa 1966. Majina ya Kongo yalikwenda nao: Pombo alibaki Pombo, Tumaini wakamukata jina kuwa Tuma. Kati yao, Pombo peke yake alitoka muzima.

Bolivia ilikuwa inchi ya bati, sawa vile Maniema yetu. Rais wake, generali Barrientos, alikuwa amekata mishahara ya wachimbaji. Mwezi wa 6 mwaka wa 1967 wachimbaji wa mugodi wa Siglo XX walikuwa wanakutana, na walikubaliana kutoa mushahara wa siku moja kusaidia watu wa Che. Alfajiri ya tarehe 24, kisha usiku wa sikukuu ya Mutakatifu Yoane, watu wakiwa bado wanaota moto mbele ya nyumba, jeshi liliingia kambini na kupiga risasi. Wanaume, wanawake na watoto walikufa. Che alikuwa mbali katika pori, na watu wachache, na hakuweza kuwafikia. Wale wachimbaji walilipa deni la vita ambayo hawajaiona kwa macho.

Tarehe 8 mwezi wa 10 alijeruhiwa muguu na kukamatwa. Kesho yake, katika nyumba ya shule ya kijiji cha La Higuera, alipigwa risasi. Alikuwa na miaka 39. Mikono yake ilikatwa kusudi alama za vidole zihakikishwe, na muili ulifichwa chini ya udongo karibu na uwanja wa ndege wa Vallegrande. Mifupa ilipatikana katikati ya mwaka wa 1997, wiki chache kisha Laurent-Désiré Kabila kuingia Kinshasa. Ilipelekwa Santa Clara, ikajengewa kaburi kubwa.

Yanayobaki kwetu

Wachimbaji wenzetu, tumeona mashua za namna ile hata katika kazi yetu. Siku ya vurugu, ndege inatua, wageni na wakubwa wanapanda na mikoba yao, mulango wa lupango unafungwa, na mufanyakazi mwenye miaka kumi ya kazi anabaki nje na kofia yake mukononi. Hatutaji jina la kampuni yoyote, munajionea wenyewe. Na katika vyama vyetu vile vile, kuna wanaoita watu kwenye mugomo halafu simu zao zinazimika.

Ndiyo maana, mukichagua delege, musimuulize tu anasema namna gani kwenye mukutano. Muulize: mambo yakiharibika, mupango wake wa kututoa ni gani? Nani atapanda wa kwanza? Nani ataandika majina ya waliobaki? Che alikuwa na moyo wa kula na watu wake, na alikuwa na ukweli wa kukiri kushindwa. Nafasi za kutosha katika mashua hakuwa nazo, na watu wa kawaida hawakuambiwa mapema kusudi wajitafutie njia.

Yeye ana kaburi na jina. Wale wa Kibamba hawana. Kijana aliyekuwa na miaka 20 ile usiku, kama angali anaishi, ni muzee wa zaidi ya miaka 80. Kama uko na muzee wa namna hiyo nyumbani, ao jirani, ao kule Fizi kwa wajomba, keti naye angali ana nguvu ya kusema. Muulize alikuwa wapi, na nani alikuwa pembeni yake. Andika majina.